Drumcorra Niliyoionea Wivu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo Jocelyne katutembeza tena kwa video. Simu juu ya cherehani, imeegemea kopo la vifungo. Shekinah amepiga magoti kitini, mimi nyuma yake namsuka. Saa nzima. Jocelyne mdogo wangu zamani hakupenda kutembea kabisa. Hapa Joubert Park alikuwa anapanda teksi kutoka robot moja, taa za barabarani, hadi nyingine. Sasa yuko Ireland, kamji kadogo kanaitwa Drumcorra, anatunza wazee kwenye nyumba yao, na Jumapili anazunguka na koti la mvua kama mtalii.

Alianzia darajani. Daraja la mawe, matao matano, maji chini yake yana rangi ya chai. Shekinah aliyahesabu matao kabla mama yake hajafungua mdomo. Halafu mnara wa mviringo, mwembamba kama penseli, na mlango wake uko juu sana, hufiki bila ngazi. Jocelyne kasema watawa wa zamani walipanda, wakaivuta ngazi ndani, adui akabaki chini anatazama. Shekinah kauliza walikojoa wapi. Jocelyne alicheka mpaka picha ikatikisika. Mimi sikucheka. Swali kama hilo huwa ananiuliza mimi.

Kisha kanisa lisilo na paa, makaburi ndani yake, ng'ombe nje ya ukuta wanatafuna tu. Kisha chemchemi ya mtakatifu fulani — jina limenipita — na mti wa miiba umefungwa vitambaa. Kila kitambaa ni ombi la mtu. Jocelyne naye akafunga chake. Nilikitambua. Kitenge cha maua ya manjano, gauni nililomshonea siku ya kuondoka. Kasema amekata upindo kidogo tu, nisikasirike. Sikuuliza ameomba nini. Najua.

Kila anayepita anamsalimia kwa jina. Mzee mwenye mbwa. Mwanamke mwenye toroli la mtoto. Mimi nina miaka kumi na moja katika jengo hili na mlinzi wa mlangoni bado ananiita mama wa nguo.

Na huyo Nuala, mwenzake wa kazini. Ndiye mwenye gari, ndiye aliyeshika simu leo. Kamwambia Shekinah chumba chake kina dirisha linaloangalia mnara. Kwa nini Nuala alijue dirisha la mtoto huyu kabla yangu?

Wakamaliza shuleni. Mlango mwekundu. Muhula unaanza Alhamisi tarehe 28, mwalimu mkuu ameshika nafasi. Ni viza tu inayosubiriwa. Shekinah kaomba aonyeshwe mlango mara ya pili. "Mama, rudi nyuma kidogo, bado sijaona vizuri."

Mama. Alikuwa na miaka minne alipoachwa. Sasa saba. Mwaka wa kwanza mama nilikuwa mimi. Halafu Jocelyne akamsahihisha kwenye simu, kwa upole, nikawa tantine, mama mkubwa tu.


Jumatano, 6 Agosti

Shekinah kachora ramani ya Drumcorra, nyuma ya karatasi yangu ya kukatia suruali. Daraja, mnara, chemchemi, gari la Nuala. Kila kitu mahali pake. Nikamwambia achore na kwetu. Kauliza kwetu wapi.

Jioni Jocelyne alipiga, Kidawa yupo, amekuja kupima blauzi. Kidawa ni jirani wa ghorofa ya tatu, mtu wa Tanga. Jocelyne kaniita kama siku zote: yaya, asante, yaya, Mungu akubariki. Simu ilipokatika Kidawa akaguna. Kasema, "Huyo mdogo wako hana adabu. Anakuitaje yaya mbele ya wageni?"

Nikamweleza. Kwetu Uvira yaya ni dada mkubwa, ni heshima. Kwao yaya ni msichana wa kazi, wa kulea watoto wa wenyewe. Tulicheka wote wawili. Yeye alicheka zaidi.

Nimefua, nimepika, nimekagua daftari la hesabu. Neno halijatoka kichwani.


Jumamosi, 9 Agosti

Sikukuu, hakuna wateja. Nikasema leo natembeza mimi. Mume wangu Damien alikuwa amelala, ametoka zamu ya ulinzi. Nikamvalisha mtoto koti jekundu, tukatoka.

Tulianzia parkini, kwenye bustani yenyewe. Upepo wa Agosti, vumbi mpaka menoni. Nilimwonyesha nyumba ya vioo ya maua, tuliitazama kwa nje. Wazee wa chesi, kete zao kubwa kama watoto — hapo alikaa, akamwambia mzee mmoja farasi wake yuko hatarini. Mzee akamshukuru. Moyo wangu ukapanda. Nikampeleka Park Station, nikamwonyesha tulipoteremka mimi na Jocelyne siku ya kwanza kutoka kwetu, begi moja, mikono imeshikana. Nikamwonyesha na mnara wa Hillbrow, unaonekana kutoka kila kona.

"Watu wanapanda?"

"Zamani walipanda. Siku hizi haufunguliwi."

"Wa Drumcorra pia haupandiki," kasema. Kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nikafurahi, nikidhani tumetoka sare. Kisha akaongeza: "Lakini Nuala ana ngazi."

Eish. Nuala ana ngazi.

Nilimnunulia mahindi ya kuchoma karibu na stendi ya teksi. Njiani kurudi kalala begani kwangu. Mzito sasa. Nilimbeba ghorofa zote tano, lifti haifanyi kazi, na sikutaka kumwamsha. Sikutaka tufike.


Jumatatu, 11 Agosti

Ujumbe umeingia saa nne asubuhi. Ofisi ya viza. Pasipoti ya Shekinah iko tayari, mlezi aje kuichukua. Hawasemi amepewa au amenyimwa, mpaka ufungue bahasha. Namba waliyo nayo ni yangu kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka mtoto kupiga alama za vidole.

Nilikuwa nashona zipu. Nikaimaliza zipu.

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Kitu cha kwanza nilichoomba — wawe wamemnyima.


Jumanne, 12 Agosti

Jocelyne kauliza. Nimesema bado.


Alhamisi, 14 Agosti

Kauliza tena. Bado.

Amenunua kitanda. Kanitumia picha, shuka zina kondoo. Nuala kapaka ukuta rangi. Nilitazama picha ile muda mrefu nikitafuta kasoro. Sikuipata, nikamwambia dirisha halina pazia zito, mtoto atapata baridi. Akajibu: yaya wewe unafikiria kila kitu, kesho nanunua.

Damien anasema hao wa viza wamezidi kuchelewa, Ijumaa ya wiki ijayo yuko mapumziko, ataenda mwenyewe kuwauliza. Nimesema ngoja kidogo. Kaniangalia. Damien si mtu wa maneno mengi. Kasema, "Ukitaka kulia, lia. Usijikaze." Angejua.

Sisi hatukujaliwa mtoto. Miaka tisa. Jocelyne alijaliwa bila hata kutaka, na mwanamume akakimbia, na mimi ndiye niliyekuwa hospitalini nimemshika mguu. Alipata mtoto. Alipata kazi. Alipata mji ambao watu wanamjua kwa jina. Mimi nilipata kushikishwa mtoto, na sasa hata hicho kinadaiwa.

Nasoma nilichoandika. Nimemwita Shekinah "hicho".


Jumapili, 17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Baada ya kanisa nilikuwa jikoni, nasonga ugali. Shekinah alikuwa na simu yangu, anacheza. Akaja mlangoni. Mwaka huu amejua kusoma, anasoma kila kitu, vibao, maboksi ya sabuni, kila kitu.

"Tantine, hapa wanasema pasipoti yangu iko tayari."

Mwiko ukabaki mkononi. Nikasema ndiyo.

"Ni ya Jumatatu. Jumatatu ile iliyopita."

Nikasema ndiyo, nilikuwa na kazi nyingi.

Kafikiri. Kaenda kukaa kwenye kiti cha cherehani. Saa nane Jocelyne akapiga. Leo alikuwa stesheni ya zamani ya Drumcorra — treni hazipiti tena, wamefanya maktaba, vitabu vya watoto viko palipokuwa dirisha la tiketi. Alimwonyesha mto wa kukalia, picha ya injini ukutani. Shekinah alitazama tu. Hakuhesabu chochote. Jocelyne akamuuliza kama anaumwa. Kisha akauliza, kwa sauti ile anayojitahidi iwe nyepesi: ofisi wameandika?

Mimi nilikuwa nyuma ya kiti.

"Bado, Mama," Shekinah kasema.

Hakunitazama. Kasema kwa Kiswahili. Yeye ambaye Kiswahili tunamkamua kama ndimu. Kaongeza na jingine: kasema tantine anaangalia simu kila siku.

Jocelyne akageuza uso. Picha ikaonyesha viatu vyake na jani moja lililolowa. Nuala alisikika akimwambia kitu, polepole. Kisha akarudi, macho mekundu, akasema sawa, mpenzi, tusubiri.

Nimekula ugali peke yangu. Haukuiva.


Jumatatu, 18 Agosti

Nimemuuliza kwa nini alimdanganya mama yake. Alikuwa anafunga kamba za viatu vya shule, akaendelea kufunga.

"Sababu wewe ungelia."

"Nani kakwambia?"

"Ukilia unaendesha cherehani bila uzi."

Nilidhani hakuna anayeona.

Nimemwambia mtoto hamdanganyi mama yake. Kauliza, mtu mkubwa je? Nikasema tunachelewa shule.


Jumatano, 20 Agosti

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya viza. Sikumwambia Damien, sikumwambia mwalimu. Tulichukua teksi mbili. Njia nzima Shekinah alikuwa ananisomea majina ya mitaa.

Foleni fupi. Kwenye fomu, uhusiano na mtoto, nimeandika dada wa mama. Mkono ulitii. Karani kanipa bahasha, nikasaini, tukatoka.

Nilimpa mtoto afungue. Alichana pembeni kwa uangalifu, kama ninavyochana karatasi ya kukatia nguo. Akafungua ukurasa kwa ukurasa. Ipo. Picha yake, misuko niliyomsuka mimi, mdomo umebana. Amepewa.

Sikujua nitafanya nini mpaka nilipofanya — nimembana mpaka akalalamika. Kuna kitu kilipasuka kifuani, na si wivu peke yake. Wivu upo. Hata sasa upo. Namwona Nuala anamshikia ngazi.

Halafu Shekinah akasoma tarehe kwa sauti. Viza inaanza tarehe 7 Agosti. Wiki mbili kasoro siku moja. Jocelyne anasoma kila kitu mara mbili, tangu mdogo. Ataiona. Tiketi ya kuja kumchukua ilikuwa rahisi wiki iliyopita, alisema mwenyewe, na shule inafunguliwa Alhamisi ijayo, siku nane.

Nimejaribu kuandika ujumbe. Jocelyne mdogo wangu, nisamehe. Nimefuta. Jocelyne, imetoka leo. Nimefuta hiyo pia, ingawa hiyo niliiacha muda mrefu zaidi kabla ya kufuta.

Sasa simu inaita. Yeye. Video. Ni muda wake wa mapumziko ya kazini, hapigi kamwe saa hizi.

Shekinah ameichukua kwenye mapaja yangu. Pasipoti iko chini ya koti lake, kaificha mwenyewe, sikumwambia. Kidole kiko juu ya kitufe cha kijani. Habonyezi. Ananiangalia usoni, anasubiri nimwambie leo aseme nini.