Chumba Mlichotufungia Mimi na Koku

Songea

Mdogo wangu Raheli,

Nakusalimu kutoka huku kusini, mwisho wa nchi kwa mtu wa Muleba. Magoti yako yanaendeleaje? Natumaini yanakuruhusu bado kufika kanisani, maana najua ukikosa kiti cha mbele Jumapili unaugua wiki nzima. Kahawa mmeshavuna? Mvua huko inasemaje?

Mimi siendelei, na daktari haoni haja ya kunificha. Nguo zangu zote zimekuwa za mtu mwingine. Jirani yangu hapa, mama mwuza mboga, alinikuta nimeketi barazani akaniambia, "Mwalimu, siku hizi umependeza, umepungua vizuri." Nikamwambia ni ugonjwa. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Lakini umependeza." Nilicheka mpaka nikahitaji maji. Nguvu iliyobaki naitumia kukuandikia. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Uliponipigia simu mwezi uliopita, ulikuwa unalia juu ya mjukuu wako Asimwe. Nayakumbuka maneno yako, maana nilifundisha imla maisha yangu yote.

"Dada, mtoto ametushinda. Mabega kama mlango wa ghala. Amenyoa nywele, anacheza mpira, mwanaume akimsemesha anatazama pembeni. Wanaopenda wanawake wenzao wanajulikana kwa miili yao. Wote ni hivyo hivyo, manene, yamekosa wanaume."

Nikakuuliza, "Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Atasema nini? Nimemtoa chuo. Yuko chumba cha nyuma hapa Kitendaguro, anakula mboga za kuchemsha mpaka apungue. Kuna mgane wa Kanazi, mtu wa kahawa, yuko tayari kumwoa akipungua. Na akipungua, hiyo tabia itapungua naye. Wewe ni msomi, mwandikie, atakusikia."

Nimeona nikuandikie wewe.

Raheli, mwanamke wa miaka ishirini na mmoja anafungiwa chumbani ili akondeshwe, na mfungaji ni wewe. Je, umesahau chumba kile cha nyumbani, juu kidogo ya njia ya Rubya? Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya, na baba alikuwa amekubali posa ya Elias. Shangazi alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Huyu ni mwanaume aliyesahau kuota ndevu. Hana nyonga. Mwanamke asiye na nyama atamtamanije mume? Mwekeni ndani, mlisheni." Kwa hiyo nikawekwa ndani kama mugole, bibi harusi ambaye hata harusi haijapangwa, nikaletewa ndizi, maziwa na samli asubuhi na jioni. Wewe ulipewa kazi ya kunipima kiuno kwa ukambaa wa mgomba. Ukimaliza kupima ulikimbilia jikoni unapiga kelele, "Bado ni ukuni!" Wanawake wote wanacheka. Hata jina la Ukuni ni wewe uliyenipa, na watoto wa jirani wakaliokota.

Wakati ule alama ya mwanamke wa namna yangu ilikuwa ukavu. Leo unaniambia alama ni unene. Basi niambie, Raheli, ni kilo ngapi hasa ambazo mtu akiwa nazo mtamwacha apumue?

Niliposhindwa kunenepa, shangazi alipata wazo. Alisema unene huambukizwa kwa kukaa na wanene. Akatuma watu Kanazi, akaletwa Kokushubira, msichana wa miaka yangu, mnono, mwenye mashavu ya kung'aa, ambaye kila mama alimtaka awe mkwe wake. Alitakiwa ale na mimi, alale na mimi chumba kimoja, anitie hamu ya chakula. Na mlango mkaufunga kwa nje.

Sasa sikiliza ninachokiri kabla sijafa. Vile vyakula alikula Koku. Vyote. Mimi nilimsomea vitabu, yeye akala, akacheka, akanisimulia habari za kwao. Jioni moja alisogeza sahani pembeni, akaniambia, "Yunia, mimi nimekupenda, na usijifanye hujui." Ni yeye aliyeanza. Yule mnene, laini, mwenye nyonga, aliyetamaniwa na wanaume wa kata nzima. Mimi Ukuni nilibaki nimeshikilia kitabu. Mliniletea wenyewe, Raheli. Mngetuacha huru pengine tusingekutana kamwe.

Kisha Elias akaja kuniona. Kwa miaka yote hii umesimulia mbele ya wageni jinsi alivyonikataa mimi mkavu akakuchagua wewe. Nilikuacha usimulie. Leo sikuachi. Elias aliingia chumbani, Koku yuko pembeni anakula, akaniambia, "Mwili wako haunisumbui. Nataka mwalimu." Nikamwambia sitaolewa naye wala na mwingine. Alipoona aibu ya kurudi mikono mitupu, akamgeukia Koku. "Na wewe?" Koku akameza tonge lake taratibu, akasema, "Mimi nimeshiba hapa nilipo." Elias hakuelewa. Nilimhurumia, nikamwambia, "Nenda kawaambie wazee kwamba nimekonda mno. Na mdogo wangu yuko hapo mlangoni." Akaenda, akasema hivyo hivyo.

Ulikuwa wa tatu kuombwa, mdogo wangu, na ni mimi niliyekuonyesha kwake. Marehemu mume wako alikuwa mtu mwema, akaitunza siri ile hadi kaburini. Mimi si mwema kiasi hicho.

Nikaomba kuhamishiwa Songea, Koku akanifuata mwaka uliofuata akafungua mgahawa. Tuliishi nyumba moja mpaka tukazeeka. Watu walituita walimu wawili, ingawa Koku hakuwahi kushika chaki. Hakuna aliyemshuku hata siku moja. Wanaume walileta posa mpaka nywele zake zilipokuwa nyeupe. Macho yote ya mashaka yalikuwa kwangu, kwa kifua changu na suruali yangu ya bustanini. Koku alikuwa akinisukuma kwa kiwiko njiani: "Ona wanavyokutazama, mwanaume wangu wa kuazima." Ni yeye aliyenifundisha kuicheka.

Alipougua akakonda, ulikuja kumzika. Sitasahau. Mbele ya kaburi, mbele ya majirani zangu, ulisema, "Maskini, mwanamke mzuri vile. Umemkausha mpaka akafanana na wewe. Angekuwa na watoto huyu." Ukanizuia nisitupe udongo, ukasema ni wa ndugu tu, na kutoka kwao hakuwa amefika hata mmoja. Nilisimama nimeshika ule udongo mpaka watu wote wakaondoka. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta mahali pa kukupiga pakuume. Umenipa mwenyewe, kwenye simu.

Ulisema pia kwamba ukoo umekubaliana nizikwe kibanjani, kwenye shamba la migomba la baba, kwamba itakuwa aibu binti msomi wa nyumba ile akilala ugenini, na kwamba mchungaji ameshaambiwa. Mimi nina sehemu yangu hapa, pembeni ya Koku. Tuliipanda maua tukiwa wazima.

Lakini nitakuuzia mwili huu. Mfungulie Asimwe mlango. Arudi chuoni, anenepe au akonde, anyoe au asuke, apende atakayempenda. Sijui kama ni wa namna yangu, na hata wewe hujui. Mabega hayawezi kukwambia. Mgane wa Kanazi atafute mwingine. Asimwe akinipigia akiwa chuoni, kwa sauti yake, bila wewe pembeni, mwanasheria wangu hapa atabadilisha wosia nije kulala kwa baba. Nitamwacha Koku peke yake katika udongo huu, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kuahidi. Angenigombeza, kisha angesema niende.

Asipopiga, nabaki. Na hayo ya Elias, huyo mwanasheria atawasomea wazee wa ukoo watakapokuja kuudai mwili.

Nisalimie kaka yetu Yona, mzee wa ukoo, umwambie asinikasirikie kwa kuwa sikumwandikia yeye. Mkwe wako Jane, mama yake Asimwe, mwambie nimesikia alikuwa akipitisha ndizi za kuchoma dirishani, Mungu ambariki. Mchungaji mpe salamu, asiandike mahubiri bado.

Fanya haraka, daktari hakunipa muda mrefu. Simu isipolia, mtafanya kama wanavyofanya kwetu mwili unapokosekana: mtakata shina la mgomba, mtalifunga sanda, mtalizika kwa jina langu mbele ya watu wote. Utasimama hapo ulie, Raheli, na hatimaye utakuwa na dada mnene.

Ni mimi dada yako,
Yunia