Jumamosi za Mwaitu Nyuma ya Kanisa

Mwaitu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na wivu, na sitaki kuuficha mbele yako, mama yangu. Niliwaonea wivu wale wanawake wa Mwala tangu ulipoanza kwenda nao mazoezi nyuma ya kanisa, na hata sasa baada ya kukuzika bado nawaonea.

Unakumbuka ulivyonilea? Kwako mtu hakai bure. Ukinikuta nimekaa, unaniwekea ungo wa mbaazi mapajani nichambue. Mabega yako yalikuwa juu tangu baba afariki, na mikono yako sikuwahi kuiona ikiwa mitupu. Halafu nasikia mama huyo huyo anafunga macho na kuvuta pumzi na watu baki, eti anafundishwa kutulia na Mwalimu Kioko, aliyecheza karate ujanani! Miaka yote nilikuomba upumzike, hukunisikia. Yeye ukamsikia.

Asubuhi moja nilikupigia simu kutoka Syokimau, kazi imenichosha, nataka tu sauti yako.

"Nipigie baadaye, Mwende," ukasema. "Sasa tuko kwa pumzi."

Ukakata! Nilinuna wiki nzima.

Nilipokuja Krismasi ulinionyesha pale uani. Mlikuwa mmezipa zile hatua za mazoezi majina ya kazi zenu: kuteka maji, kufungua mbuzi, kupepeta mbaazi. Ulipepeta polepole bila ungo, mabega yameshuka, uso umelegea mpaka nikaona ulivyokuwa msichana. Ulikuwa mzuri, na iliniuma kwamba waliokufikisha hapo ni wengine. Nikacheka.

"Mama, kwani unapigana na nani?"

Ulishusha mikono. Ukasema, "Njoo Jumamosi ujionee."

Nikasema nitakuja. Kila ulipouliza tena nilisema nitakuja. Visingizio nilikuwa navyo vingi, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kukuona na furaha ambayo si mimi niliyekupa.

Jumamosi iliyopita nilienda, miezi mitatu baada ya kukuzika. Nilijidanganya kwamba nafuata leso yako waliyosema imebaki kule. Niliwakuta wamejipanga kwa mistari, wameanza. Uliniambia wewe husimama mbele, karibu na tangi la maji, kwa hivyo ndiko macho yalikokwenda kwanza. Hapo pako alikuwa amesimama Mbithe, yule jirani yako, anapepeta mbaazi kwa mikono iliyofanana na yako kabisa. Nilitamani kumvuta blauzi nimtoe.

Kuliani kwake palikuwa na pengo la mtu mmoja. Nilimuuliza, na sikuuliza kwa adabu, kwa nini asisogee pale akaacha nafasi ya mama yangu.

"Hapa kwa mama yako ni Mwalimu aliniambia nisimame," akasema. "Lakini hapo kando siwezi. Mama yako alikuwa anakataa mtu kusimama hapo. Kila Jumamosi anatuambia, 'Wacheni, msichana wangu anakuja.' Sasa tungejaza aje?"

Nilivua viatu nikasimama pale. Mwalimu Kioko akasema tuvute pumzi, mimi nikalia wenzangu wakiteka maji. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na nadhani hilo pia ni wewe uliyewafundisha.

Nitarudi Jumamosi hii. Mabega yangu yako juu kama yako ya zamani, na Mwalimu anasema yatachukua muda. Wivu nao haujaisha, Mwaitu. Wale walikuona umetulia mara nyingi sana, mimi nilikuona mara moja na nikacheka. Lakini niliwatazama mmoja mmoja, mstari hadi mstari, na hakuna mwingine aliyewekewa nafasi.

Pumzika, mabega chini.

Ni mimi,
msichana wako aliyekuwa anakuja