Mukono ya Mukwe

Siku ya kazi ine, 4 août 2011

Nday, binti yangu, balimubakiza ku hospitali. Docteur anasema alale, asisimame mpaka mutoto azaliwe. Mwezi muzima. Lakini mutoto anacheza mu tumbo, nilimusikia na kiganja yangu mwenyewe. Aksanti Mungu.

Donc mu nyumba tumebakia babili: mi na mukwe, bwana ya Nday.

Haiko muzuri. Kwetu Katanga mama mukwe na mukwe habalale chini ya bati moja. Habatazamane mu macho, habakule pamoja, habashikane hata kidole. Jina yake sitaji. Hata mu kaye hii, daftari yangu, siandiki. Ni heshima, si chuki. Lakini yeye anatoka République dominicaine, na kule mukwe anakumbatia mama mukwe, anamubusu ku mashavu! Siku ya kwanza alikuja na mikono wazi. Nilikimbilia mu toilette nikajifungia.

Leo nilitia chakula yake pa mulango ya chumba, wali na maharagi. Nikagonga, nikakimbia. Miaka hamsini na sita, nakimbia mu corridor ya Molenbeek, hapa Bruxelles, sawa mwizi.

Siku ya posho, 6 août

Nilipelekea Nday sombe, majani ya muhogo. Alikula, aksanti, kisha alilia. Si juu ya mutoto. Juu ya mukono ya bwana yake.

Naandika vile aliniambia, nisisahau. Kazi ya mukwe ni kutupa mupira. Baseball banaita. Kule kwao ni kazi ya heshima. Alizaliwa mu kambi ya bantu ya kukata miwa. Mama yake alikuwa anafua nguo za bantu. Yeye alianza kutupa na malimau, juu mupira haikuwa. Glavu yake ya kwanza ilikuwa kartoni ya maziwa. Alipofika miaka kumi na saba Baamerika balimuchukua. Miaka saba alizunguka kwao na timu za chini, bus, baridi, tena bus. Kisha balimupandisha juu kabisa, kwa bakubwa. Siku kumi na moja. Mama yake alichinja mbuzi, jirani bote bakakula. Siku ya kumi na mbili, kiwiko kikakatika.

Balimupasua. Balitoa mushipa mu mukono ya kushoto, bakaushonea mu ya kuume. Kisha balimuachisha kazi. Akakuja Italia, kisha mu klabu kidogo ya hapa. Asubuhi anapakia makartoni ku depot. Nday alimukuta ku Gare du Midi, amepotea na valise mbili, anatafuta train ya Anvers. Akamuonyesha quai ya train. Train ikaenda, yeye akabakia.

Sasa, tarehe 20, bantu babili ya timu ya Hollande banakuja kumuangalia. Bakimutaka, anarudi mu kazi yake ya kweli. Bakimukataa, Nday anasema hataomba tena nafasi popote. Ana miaka makumi tatu na moja. Lakini kiwiko kisiponyooshwa kila siku kinakauka. Kiné yake, muntu wa kunyoosha viungo, ameenda vacances mpaka 22 — mu août Bruxelles nzima inafunga. Ni Nday alikuwa anamunyoosha. Haiwezi peke yake, inaomba mikono mbili ya muntu mwingine.

— Maman, ni weye unajua kunyoosha mikono ya bazee, aliniambia.

Nikajifanya natafuta kijiko mu kikapu.

Kazi moja, 8 août

Ku home ya bazee, kule nafanya kazi, tulivalisha bantu kumi na bane. Mimi na Régine. Monsieur wa chambre 12 mukono yake haikunjuke. Nikaisugua pole pole mpaka ikaingia mu chemise. Alisema merci. Mungu, aksanti kwa kazi hii.

Nikaelezea Régine habari ya mukwe. Yeye ni wa Bujumbura, alicheka mpaka akashika kitanda.

— Maman Nday, unaogesha banaume usiobajua, buchi, kila asubuhi. Kiwiko ya bwana ya mutoto wako njo inakuogopesha?

— Bale si bakwe yangu, nikamujibu.

— Na kutupa mupira ni kazi? Ndugu zangu balikuwa banatupia avoka za jirani majiwe. Bangekuwa matajiri.

Kazi tatu, 10 août

Mulango ya chumba ilibakia wazi kidogo. Nilipita. Alikuwa amefunga essuie ya kuogea ku poignée ya mulango, anavuta mukono yake peke yake, amebana meno. Sura ya mutoto anayekataa kulia. Karatasi ya kiné iko imebandikwa ku ukuta, na mapicha ya mikono mbili. Mikono ya muntu mwingine.

Nilirudi mu cuisine nikakaa. Kisha nikapigia Tonton Tshibangu simu. Ni mukubwa ya marehemu bwana yangu, anakaa Ixelles, desturi anazijua. Alisema mwiko ya bukwe inafunguliwa, si kifungo cha milele. Mukwe anunue kuku na kikwembe, kitambaa ya kujifunga, anipe na mikono yake mbele ya shahidi, tukule mu sahani moja. Basi, macho inafunguka.

— Kuku ya frigo je? nikauliza.

— Kuku ya frigo haina kichwa, Maman Nday. Itashuhudia na nini?

Nday alimuelezea bwana yake yote mu simu, kwa kiespanyol chao. Nilisikia anacheka mu chumba.  Nday aliniambia kisha kile bwana yake aliuliza: donc mama yako hanichukie?

Mwaka muzima. Mwaka muzima ananiona nageuza mugongo, nakimbia, naacha sahani chini. Alidhani ni chuki, na kila siku alisema merci maman ku mulango iliyofungwa. Mungu unisamehe.

Siku ya yenga, 14 août

Toka kanisa tulienda ku marché ya Abattoir, kule banauza kuku hai. Yeye mbele, mi nyuma hatua kumi, sawa desturi. Alichagua kuku nyekundu. Muuzaji aliifunga miguu, lakini kamba haikukaza. Pale pa kutoka kuku ikachomoka, mabawa puu puu, na yeye akarusha mukono kuidaka. Ya kuume! Juu kabisa, akaikunja.

Sijui nani alifungua kinywa yangu. Nilipiga kelele:

— À gauche! Shika na kushoto, mutoto wangu, utaharibu kiwiko!

Marché nzima iligeuka. Yeye aligeuka. Alinitazama. Na mi nilimutazama, mu macho, bila kuku, bila shahidi, bila kitu. Ana macho ya kahawa, hajalala vizuri.

Nilipigia Tonton nikamuambia nimevunja desturi. Akasema:

— Bon. Aongeze kuku moja.

Donc sasa kuku mbili ziko pa balcon. Mukono haikuumia. Aksanti, aksanti.

Kazi moja, 15 août

Férié, hakuna kazi. Tonton alikuja na suti, veston na cravate, joto yote hii.

Mukwe alipiga magoti. Alinyoosha kikwembe na kuku na mukono ya kushoto. Ya kushoto! Kwetu hiyo ni tusi. Tonton alikohoa sawa muntu amekula pilipili. Mi nikasema haraka:

— Ni mi nilimukataza ya kuume, Tonton. Anatii.

— Basi aweke na ya kuume chini yake, bila kubeba, kwa heshima.

Akafanya. Mikono mbili, moja inabeba, ingine inasindikiza. Nikapokea.

Tulikula mu sahani moja, bukari, ugali yetu, sombe na ile kuku nyekundu. Anakata bukari vizuri, vidole ya kazi. Akasema na kifaransa yake ya kuvunjika kwamba mama yake alikuwa anamusugua mukono na mafuta ya nyoka. Tonton akatoa mukono mu sahani. Akauliza kama nasi tumetia nyoka mu sombe. Tulicheka, batatu, mu meza moja. Sijacheka hivi tangu marehemu aende.

Jina yake ni Eligio. Naandika tena: Eligio. Kaye haikuwaka moto.

Kisha nikaosha mikono, nikachukua mafuta ya karité niliyonunua ku Galerie d'Ixelles, nikamukalisha pa kiti. Kovu iko ndefu sawa kidole yangu ya katikati. Mukono muzito, mugumu, moto. Nikashika bega na moja, nikanyoosha pole pole na ingine, vile karatasi inaonyesha. Alifunga macho. Nilidhani nimemuumiza.

— Non, doña. Mama yangu alikuwa anabonyeza pale pale.

Kazi ine, 18 août

Leo kiwiko kinanyooka kupita jana. Alitupa pa parc, hakubana meno. Kuku ya pili ilitaga yai pa balcon. Hatutaichinja. Nday anasema mutoto amegeuka vizuri. Siombi kitu leo. Nashukuru tu. Bon, naomba moja: siku ya posho, tarehe 20.

Siku ya posho, 20 août

Niko naandika hapa hapa pa kiwanja. 

Asubuhi nilimunyoosha dakika makumi mbili. Alisema: doña, leo usikae nyuma yangu. Ukae kule nyuma ya wavu, nyuma ya muntu anayedaka. Kule njo natazama nikitupa.

Donc niko nyuma ya wavu. Nimevaa kikwembe aliyonipa. GSM, simu yangu, iko wazi pa magoti, Nday anasikiliza toka kitanda.

Bale babili ya Hollande bamefika. Mumoja na machine kidogo ya kupima mbio, mwingine na karatasi. Habaseme bonjour mingi. Mipira ya kwanza, ya pole. Banaandika. Mumoja alimuuliza mwenzake kitu, mwenzake akainua mabega.

— Maman, banasema nini?

— Habaseme.

Sasa banaomba ya nguvu. Ya kwanza ilipiga glavu sawa mulango inafungwa na upepo. Yule wa machine akaangalia machine. Akamuonyesha yule wa karatasi. Yule wa karatasi akaacha kuandika.

— Maman?

— Ngoja, mutoto wangu.

Ya pili. Ya tatu ilienda pembeni, chini. Ameshika kiwiko. Mungu. Ameshika kiwiko — hapana, anapangusa jasho. Nadhani ni jasho. Banaume bale banangoja, Eligio anaweza kusema basi, imetosha.

Hasemi. Amechukua mupira ingine. Ananitafuta nyuma ya wavu, amenipata. Magoti yangu inataka kukimbia mu toilette. Nabaki. Sishushi macho.

Anainua muguu, mukono inanyooka yote, na glavu inalia tena sawa mulango inafungwa na upepo.