Milimani ya Huku

Mama yangu mpendwa,

Kabla sijasema lolote, niambie goti lako linaendeleaje, na kama bado unabisha ukiambiwa upumzike. Mimi ni mzima. Narudia, ni mzima, maana ulipiga simu siku tatu bila kunipata na nakujua, ulishaanza kunililia. Barabara ilikatika, na nguzo za simu zilianguka.

Uliwatangazia akina mama wauza omena pale sokoni Otonglo, "Akinyi wangu siku hizi ako Milimani, na si hii ya matajiri wa Kisumu, ya Italia!" Nao wakawaza maua na magari uani. Nilicheka, nikakuacha uringe. Sasa waambie ukweli: ni milima mitupu, na kijiji kimebandikwa ubavuni. Msimu huu wa baridi tulitazamia theluji, ikaja mvua. Ilinyesha siku tano bila kupumua, mpaka mlima wenyewe ukaanza kunguruma. Mama, mimi ni mtoto wa ziwa, maji nayajua, lakini sikujua kwamba mlima una sauti.

Siku ya tano, mchana, kengele ya kanisa ililia na watu wakatoka mbio. Nilimfunga mgongoni Bibi Rosa, yule mzee ninayemtunza, kwa leso uliyonipa. Kisha nikafanya kama wewe mwaka ule ziwa lilipoingia nyumbani, uliponibeba ukapanda nami hadi kilimani Riat. Nikapanda ngazi za kijiji. Jirani akapiga kelele, "Shuka! Shuka!" Nikadhani amechanganyikiwa. Nani hukimbia mafuriko kwa kushuka?

Bibi alinipiga begani, akanionyesha juu. Misonobari ilikuwa inatembea. Imesimama wima, Mama, msitu mzima unateremka polepole kuja kwetu. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile. Niliogopa sana, na bado macho yakakataa kubanduka. Nikalia, "Mama!" Na Bibi, na miaka yake themanini na sita, akalia mgongoni mwangu, "Mama!" Kwao neno ni hilo hilo.

Niligeuka nikashuka, sijui kwa miguu ya nani, tukavuka daraja. Tulipotazama nyuma, zile ngazi nilizokuwa nikipanda hazikuwepo, wala nyumba yetu. Watu wote walipatikana, Mungu ashukuriwe.

Sasa tunalala kwenye ukumbi wa shule, katika mji wa bondeni. Jana Bibi aliniuliza ni nani alinifundisha kumfunga mtu mgongoni vile. Nikamwambia ni wewe. Akaomba nimfunge tena, na wala hakukuwa na mvua. Nikamfunga, tukazunguka ukumbi mbele ya watu wote, mpaka akasinzia. Leso bado ina matope, sijaifua.

Nisalimie Baba Mdogo, fundi wa mitumbwi, na umwambie aache kukucheka kuhusu Milimani. Msalimie dada yangu aliye chuoni Bondo, na shangazi anayekukanda goti.

Ni mimi, uliyenibeba mpaka Riat,
Akinyi