Hatamu ya Kohu

Jumapili, 1 Septemba

Pene kaja mchana, kaegesha lori mbele ya mlango kama kwake. Mdogo huyu wa Hamiora, mume wangu, habishi hodi — anaingia anafunua sufuria. Kamaliza mkate wa kukaanga wote wa kesho. Halafu kaanza: Shemeji, yule farasi ni kichaa. Twende naye mnadani Gisborne mapema, akikua hivi hivi watamtaka wa chakula cha mbwa tu.

Mume wangu kwenye kiti chake cha magurudumu, uso dirishani. "Mchukue," kasema. Basi. Kama mtu anayemwaga maji machafu.

Nikasema hapana! Sauti ilitoka kabla sijaituma. Nikawaambia wanipe hadi mapumziko ya mwisho wa Oktoba. Nikishindwa kumvisha hatamu na kumwongoza, Pene amchukue.

Pene kacheka hadi chai ikamtoka puani. Wewe, shemeji? Unayeogopa hata kuku?

Si kweli. Ni yule jogoo tu.

Jumatano, 4 Septemba

Kohu kwa Kimaori maana yake ukungu. Hamiora ndiye aliyempa jina, enzi zile akiongea na farasi kuliko na mimi. Siku kilima kilipomeguka kwa mvua, Kohu alikuwa nyuma ya mama yake. Mama yake alishuka na udongo, mume wangu mgongoni. Farasi alikufa palepale. Hamiora walimtoa, nguvu za miguu hazikurudi. Kohu tulimkuta ukingoni, analia. Tangu hapo hagusiki na mtu.

Leo sikufanya kitu. Nilipindua ndoo katikati ya malisho, nikakaa. Yeye kule kwenye uzio, mimi huku. Ukungu ukapanda kutoka mtoni, ukamfunika, nikabaki nasikia pumzi tu. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nyasi zilinilowesha hadi magotini na sikujali.

Jumamosi, 14 Septemba

Kila asubuhi, ndoo. Naimba bila maneno, mdomo umefungwa. Anasogea, anakimbia, anasogea tena. Wakati mwingine nasahau nimekuja kufanya nini. Mawingu yanapita mgongoni mwake.

Leo sauti kutoka dirishani — nusura nianguke! "Acha kumkodolea macho! Anayekodoa macho ni anayetaka kumla!"

Hamiora. Kwa mwaka mzima hajamtaja Kohu ila kusema aondolewe. Nilijigeuza juu ya ndoo, nikampa farasi kisogo.

Baadaye, joto shingoni. Pua. Laini kama unga.

Jumatatu, 23 Septemba

Amekubali nimguse bega. Ngozi ilitetemeka kama maji, kisha ikatulia. Nimerudi ndani sijaosha mkono. Hamiora kauliza kwa nini natabasamu peke yangu. Kisha kanivuta mkono, kaunusa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Siku mbaya. Nimeharibu.

Nilikuja na hatamu ya dukani, ile ngumu, yenye pete za chuma. Pete ziligongana — akaruka! Akaivamia seng'enge kwa kifua. Damu.

Hamiora alikuwa barazani, kaona yote. "Unamfundisha au unamtesa? Nilisema aondoke!"

"Njoo basi umfundishe wewe!"

"Kwa miguu ipi, Keriana?"

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jioni, sahani ya nyama ya nguruwe mbele yake haijaguswa. "Kidonda kimeingia ndani?" Nikamwambia hakijaingia, ni ngozi tu. Kisha: "Nitafutie ile kamba ya pamba. Ya zamani, iliyolainika. Haina chuma wala kelele."

Jumapili, 13 Oktoba

Hamiora aliisuka hatamu mwenyewe kwa ile kamba, akaifumua, akaisuka upya. Mafundo yake bado mazuri. Akaniambia niivae kiunoni ndani ya sweta, inuke kama mimi. Nimepika nayo, nimelala nayo, nimekwenda nayo kanisani! Shangazi Tiria kanipapasa wakati wa kusalimiana, kauliza kama nimeumia mbavu.

Leo Kohu kaingiza pua yake mwenyewe ndani ya kitanzi. Nikafunga fundo.

Hamiora akiniongoza kutoka barazani, sauti ya chini, kama ya kanisani: "Usimvute. Kaza kidogo, subiri. Akipiga hatua, legeza papo hapo. Hapo! Legeza!"

Hatua moja. Nyingine. Tukatembea ndani ya ukungu, kamba imelegea kati yetu, sikujua nani anamwongoza nani. Nilipogeuka, baraza lilikuwa limepotea. Sauti yake tu: "Bado mpo?"

Tupo, nikasema.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kohu kapita getini mara mbili. Lori hajakutana nalo. Pene kesho.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika jikoni, nimesimama. Mlango wazi, nawaona wote.

Lori lilipoingia Kohu alisimama kwa miguu ya nyuma. Sikuvuta. Nilishusha pumzi tu, naye akashuka, akanifuata hadi uani! Pene kavua kofia. Shemeji, umemlisha nini huyu?

Ndipo Hamiora akaanza kushuka ile njia ya mbao ya kushushia kiti chake kutoka barazani. Peke yake — hajawahi kuishuka bila kusukumwa. "Nipe kamba."

Nilisita. Farasi akishtuka, atamburuta na kiti chake.

"Keri. Nipe. Kisha kaweke chai."

Chai! Nimempa.

Birika linachemka, siliondoi. Kohu ameinamisha kichwa hadi mapajani mwake, ananusa ile miguu isiyosikia kitu. Hamiora anamwambia jambo. Refu. Silisikii. Mabega yanamtikisika. Pene amejigeuza, anajifanya kukagua tairi.

Sasa mikono yake iko shavuni kwa farasi. Kwenye fundo. Anafungua — anaivua! Na geti la barabarani liko wazi, Pene hajalifunga. Hatamu iko chini. Hamiora ameshika magurudumu, anarudi nyuma taratibu. Hamwiti; anamwachia achague.

Kohu ameinua kichwa. Sikio moja getini, moja kwenye kiti. Sithubutu kutoka. Mguu wa mbele umeinuka —