Rangi ya Makonyo

Jumatatu, 5 Agosti

Fundi Bakar leo kaishusha ekzosi ya Morisi, gari kuukuu ya Baba. Kailaza uani juu ya gunia, matundu matupu, kama chujio. Anasema matundu atayaziba kwa kuchomelea, ila bila rangi hewa ya chumvi itaila tena. Nikamwambia basi paka, kuna rangi ya mlango imebaki stoo. Akacheka! Rangi ya mlango haikai kwenye bomba la moshi. Inatakiwa rangi maalumu, ya kuhimili moto.

Na hilo nalo langu. Nimetoka skuli na madaftari ya darasa zima, nimempiga Baba sindano yake ya sukari, nimemwogesha, nimembadilishia shuka. Sasa nichague na rangi ya chuma kilicho chini ya gari, kisichoonwa na mtu.

Lakini Baba kaweka nadhiri. Dada Shatha anakuja kumchukua akaishi naye Maskati, kwenye hospitali za maana na mtumishi wa kumwangalia. Baba hakukataa. Alisema tu, mbele ya watu waliokuja kumjulia hali, kwamba havuki bahari mpaka Morisi imfikishe Msuka, kwenye kaburi la Mama. Ndiyo gari iliyomleta Mama hapa Wete siku ya harusi yao. Na iwe imekaa sawa, isiwe na kidonda.

Kidonda chenyewe ndiyo hii ekzosi.

Nimechoka. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunijibu kwamba malipo yangu yako peponi.

Jumatano, 7 Agosti

Muuza vifaa pale sokoni kaniapia kwamba rangi yake ya fedha ni ya moto. Bakar kaipaka kwa brashi, ikakauka, inang'aa vizuri tu. Kaifunga ekzosi, kawasha gari.

Moshi! Harufu ya plastiki inayoungua mpaka kwa jirani. Bi Mwatum katoka na ndoo ya maji mkononi, anauliza kinaungua nini. Rangi ikavimba, ikabanduka vipande vipande. Bakar akazima gari, akatazama pembeni. Kumbe hata yeye aliamini maneno ya mwenye duka.

Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake. Akasema, nilikwambieni. Hakutuambia kitu!

Alhamisi, 8 Agosti

Shatha kapiga simu. Kule rangi hizo zimejaa madukani, lakini mikebe ya kupuliza ndege haichukui. Kisha akaniuliza kwa nini hatukodi teksi tukaenda Msuka mara moja tukamaliza. Nikampa Baba simu. Mwambie mwenyewe.

Akamwambia. Akamwambia na habari ya kafara: nadhiri ikishindikana mtu analisha maskini, mambo yakaisha. Baba alisikiliza kwa adabu zote. Halafu akamjibu, "Kafara ya aliyeshindwa, mwanangu. Mie sijashindwa. Rangi tu haijapatikana."

Akanirudishia simu, akaomba chai.

Jumapili, 11 Agosti

Suhail, mtoto wa shangazi, katuletea rangi kwa boti kutoka Unguja. Mikebe miwili, mmoja nyeusi, mmoja fedha. Imeandikwa digrii mia sita. Alhamdulillahi. Nilifurahi kwa mikebe ya rangi kama mtu aliyeletewa dhahabu. Ndipo nilipofika.

Bakar kanieleza kazi yake. Unasugua kutu kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, unafuta mafuta yote, unapuliza kidogo kidogo. Halafu unawasha gari, unaiacha ipate moto, unazima ipoe, unawasha tena. Rangi hii haikauki kwa jua, anasema. Inaiva kwa moto wa gari yenyewe. Isipoiva inabanduka.

Nikaona nimwoneshe Baba kwanza, kwa heshima. Lau ningejua! Bakar kapuliza kwenye vipande viwili vya bati, Baba akavisogeza karibu na jicho la kulia, ndilo lenye nuru kidogo. Nyeusi hataki, eti masizi ya sufuria. Fedha hataki, eti gari ya mke wa mtu haivalishwi bati jipya. Anataka ile rangi yake ya mwanzo.

Rangi gani, Baba?

Ya makonyo, anasema. Vile vikonyo vya karafuu, vikishaanikwa vikakauka.

Bakar alijikuna kichwa muda mrefu. "Mzee Humoud, hiyo si rangi. Hiyo kutu."

"Basi kutu ya zamani ilikuwa nzuri," Baba akasema.

Nilicheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini.

Jumanne, 13 Agosti

Leo sicheki.

Nimepiga simu Unguja, nimepiga Dar. Rangi ya moto ya kahawia, kahawia iliyopauka, kama makonyo makavu. Muuzaji mmoja akaniuliza makonyo ni nini. Nikamweleza. Akasema dada, ekzosi nani anaiangalia? Na mimi ndivyo nilivyosema wiki iliyopita! Mwingine anazo nyekundu, nyeupe na kijivu. Bakar naye kasema tuchanganye, kisha mwenyewe akakataa, ikiharibika mikebe itakuwa imekwenda bure.

Shatha keshakata tiketi. Anaingia Jumapili, na anataka akifika akute safari ya Msuka imeshakwisha.

Nikamwendea Baba nikamwambia hakuna. Dunia nzima hakuna rangi ya makonyo ya kupaka ekzosi. Alikuwa kafumba macho, tasbihi mkononi. "Ikikosekana si kosa langu," akasema.

Na nikaona mdomo wake. Alitaka kutabasamu akajizuia.

Nilibaki nimesimama pale kama mjinga. Wiki nzima! Jua, simu, maduka, mikebe, na yeye keshachagua rangi isiyokuwepo. Hataki kwenda Maskati. Hakusema siendi, maana Shatha angelia, na mimi... mimi ningefanya nini? Kaweka nadhiri, kisha kaifungia mlango kwa rangi.

Nilikasirika nikamnyima chai. Baadaye nikampelekea.

Alhamisi, 15 Agosti

Jana sikuandika. Baba alianguka chooni. Hakuvunjika, ila kumnyanyua peke yangu nusura mgongo ukatike. Alikuwa akiniomba radhi, na mimi nilikuwa natafuta pumzi.

Leo asubuhi nimemwambia Bakar apake nyeusi. Akasita. "Bi Ghania, nadhiri ya ntu haichezewi." Nikamwambia nadhiri ni kufika Msuka na gari nzima, haikutaja makonyo. Paka.

Kapaka. Kazi nzuri, sina la kusema. Nyeusi isiyong'aa, imetulia. Kawasha gari mara ya kwanza, moshi mwepesi ukatoka, harufu kidogo, ikaisha. Haikubanduka.

Baba alisikia injini. Akaniita, akauliza rangi gani.

"Nyeusi, Baba. Nimechagua mimi."

Akanitafuta mkono, akaushika.

"Umechoka, mwanangu?"

Ningeweza kusema hapana. Watu wote wanasema hapana.

"Nimechoka, Baba."

"Basi iwe nyeusi."

Ijumaa, 16 Agosti

Bakar kaja baada ya sala, kawasha gari mara ya pili. Kesho ya mwisho, kisha tunaondoka kwenda Msuka.

Baba hajaomba kitu siku nzima. Hata chai.

Jumamosi, 17 Agosti

Asubuhi nimemkuta keshavaa. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, udi umemkolea. Vifungo kavifunga mwenyewe, kimoja kimekosea tundu. Na mkoba wa dawa zake kaupanga mwenyewe, kauweka mlangoni, eti Shatha asipate tabu ya kutafuta. Nikakirekebisha kile kifungo.

Tukampakia, mimi na Bakar. Kiti cha mbele. Bakar kawasha. Gari inanguruma taratibu, haina moshi, haina harufu. Bakar kainama, kachungulia chini, kasema imeiva. Imeiva kabisa, twendeni.

Baba anatazama mbele. Mikono kaiweka magotini kama mtoto aliyepelekwa chuo cha Kurani siku ya kwanza.

Simu ikalia. Shatha, yuko uwanja wa ndege Maskati, anauliza tumeshatoka? Gari imekaa sawa?

Nikamwambia bado. Rangi haijaiva.

Sikujua kama nitasema hivyo. Bakar akanitazama, akaitazama ekzosi, akanitazama tena. Kisha akaingiza mkono dirishani akazima gari. Shatha anauliza itaiva lini. Nikamwambia sijui, dada, rangi hizi hazina haraka. Akasema yeye ndege anapanda, tutaonana kesho hapo hapo. Akakata.

Saa nzima sasa. Bakar kaondoka. Nimekaa kizingitini na hili daftari, na Baba bado yumo garini, hajaomba kuteremshwa. Nilipomuuliza anataka nini, akasema chai, na kama ipo, na kipande cha mkate.