Akina Maman Kwenye Pwani ya Déception

Jumatatu, 9 Julai 2012
Mvua tena. Nimenyoosha shati, nimerudia somo mbele ya kioo. Tangu nihame Lubumbashi sijasimama mbele ya darasa. Jumamosi nitawafundisha akina maman wa parokia, hapa ugenini, mtaa wa Forest. Mada: pwani ya kisiwa kimoja cha Antaktika. Mchanga mweusi, mvuke unatoka ardhini, theluji pembeni. Kisiwa chenyewe ni volkano iliyobomoka katikati, bahari ikaingia kwa mlango mwembamba. Nakipenda sana. Naogopa.

Jumatano, 11 Julai
Maman Régine, mwenyekiti wao, amebandika tangazo mlangoni mwa kanisa. PLAGE, yaani pwani, herufi kubwa. Chini: "na Papa Prof". Antaktika haimo. Anasema nafasi iliisha, na hilo neno hakulijua.

Ijumaa, 13 Julai
Barabara ya maduka, Chaussée d'Ixelles. Nimekuta maman wawili wa parokia wakichagua kofia za jua. Wameniuliza basi la kesho linaondoka saa ngapi. Nimewajibu, mabasi yapo kila mara. Wamenitazama vibaya. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 14 Julai
Fedheha. Ukumbi ulijaa kofia, taulo, kuku wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo sufuria mbili. Maman Charlotte alivaa nguo ya kuogelea chini ya kitenge. Walikuwa wanangoja basi la kuwapeleka baharini, Ostende. Mimi nikawasha projekta. Barafu ukuta mzima.

Maman Régine: "Papa Prof, sasa basi iko wapi?"

Nikaeleza kwamba hakuna basi. Akauliza kisiwa kinaitwaje. Déception, nikasema. Yaani, kwa Kifaransa, kuvunjika moyo.

"Bon," akasema Maman Charlotte. "Kumbe tumeshafika."

Walicheka mpaka viti vikalia. Nilitamani sakafu inimeze.

Nje mvua ilizidi, hakuna aliyeweza kutoka. Wakafunua sufuria. Nikafundisha huku wanakula. Kwanza walikuja wawinda sili, wakawamaliza sili wote. Baadaye wawinda nyangumi, wakapika mafuta. Matangi yao yapo hadi leo, yanaliwa na kutu. Bei ya mafuta ilipoanguka wakaondoka, wakaacha makaburi ya wenzao. Halafu volkano ikalipuka, tope likayafunika.

Maman Charlotte akaacha kutafuna. "Mama zao walijua?"

Kaka yake Maman Charlotte alifia mgodini, Kolwezi. Kaburi familia haikuonyeshwa. Hilo tulilijua wote. Akajifunga kitenge vizuri, akasimama, akawaombea wale wawindaji. Ukumbi mzima ukasimama naye, mifupa ya kuku mikononi. Ombi refu. Sombe ilipoa. Nililia kidogo, nikasingizia pilipili.

Jumapili, 15 Julai
Misa. Hakuna aliyenitania, hata Maman Régine. Alasiri Maman Charlotte alipita nyumbani, akaomba kukiona kisiwa kwenye ramani. Ni nukta tu. Akaiwekea kidole. Nikasogeza atlasi karibu na dirisha, aone vizuri.